Mteja Namba Moja wa Dobi Tausi

Mtu akikuambia anakwenda kununua jina, mtazame kwanza macho. Binti yangu wa mwisho nilimtazama macho, nikamwambia atoe na ulimi, nikaona hana homa.

"Jina?" nikamwuliza. "Ulilonalo limefanyaje? Nilikupa bure, tena baada ya uchungu wa siku mbili."

"Mama, siyo jina langu mimi. Jina la biashara. Dobi Tausi. Unalipa ada, wanakupa jina, mashine, sabuni, sare, mpaka rangi ya ukutani. Wewe kazi yako ni kufungua mlango tu."

"Mlango wenyewe wa nani?"

Hapo akaanza kukunja na kukunjua pindo la gauni. Mtoto niliyemzaa mwenyewe hanifichi pindo. Mlango wenyewe ulikuwa wangu.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na cha mbele kinatazama barabara. Hicho ndicho kilikuwa sebule yangu: makochi mawili, kabati la vyombo vya wageni wasiokuja, saa iliyosimama mwaka aliofariki mume wangu, ingawa marehemu alikuwa na sababu zaidi, na dirisha ambalo kwalo nilijua nani kapita na nani, na kwa nini hawakupitia njia kuu.

Binti huyu mtaani wanamwita Cherehani. Tangu mdogo hajui kutulia. Akikaa mguu unakanyaga chini, akisimama mdomo unashona. Miaka yote alifanya kazi ya kufua katika hospitali kubwa, mashuka na magauni ya wagonjwa, na mumewe ni dereva wa malori ambaye habari za nyumbani huzipata kwa simu, kama mtu anayefuatilia mpira.

"Mwanangu," nikamwambia, "cha kuazima hakisitiri matako."

"Mimi sivai, mama. Mimi nafua."

Nikaona huyu kaja amejiandaa. Akanieleza lililobaki huku anatembea kutoka kabatini hadi dirishani. Kutakuwa na kipindi cha majaribio. Kampuni itamtazama. Akifaulu, atathibitishwa na kusaini miaka mitano. Akifeli, wataling'oa bango, watabeba mashine zao, na ada hairudi.

"Na sebule yangu?"

"Ikiwa tumefeli, si itarudi?"

"Kwa hiyo ukikosa wewe, napata mimi."

"Mama!"

"Nauliza tu."

Nilikataa asubuhi, nikakataa mchana, jioni nikauliza hao tausi wanachorwa na mkia wazi au umefungwa. Kisebusebu na kiroho papo. Kesho yake akaenda kuaga kazini.

*

Walikuja mafundi wakaipaka sebule yangu rangi ya zambarau mpaka ukitabasamu humo meno nayo yanakuwa ya zambarau. Makochi yakaenda kulala chumbani kwangu, moja juu ya mwenzake, kama watu wa ndoa. Zikaingia mashine, ikaingia kaunta, ikaingia kompyuta, na nje likapandishwa bango lenye tausi mkubwa kuliko mlango. Akaajiriwa mama mmoja mpiga pasi, mnene, mcheshi, anayehema kama birika, tukamwita Mvuke.

Mwisho akaja mkaguzi wa kampuni. Kijana mzuri, kichwa kimenyolewa vizuri, ila viatu vyake vilikuwa na ncha ndefu hivi kwamba vilifika dukani kabla yake. Mvuke akavitazama, akanitazama, na kutoka siku hiyo kijana akawa Ncha.

Ncha alileta masharti. Sabuni ni ya kampuni tu. Nguo zikunjwe kwa namna moja, shati kifua juu. Na kila anayeingia, awe nani, asalimiwe kwa salamu rasmi: "Mambo rafiki! Leo utang'aa kama tausi!" Tena wakati wa kusema, mikono ifunguliwe kidogo pembeni, vidole vimetawanywa, kama mkia.

"Kila anayeingia?" Cherehani akauliza.

"Kila anayeingia, dada. Mteja akienda tawi lolote, apate kitu kilekile. Hiyo ndiyo maana ya jina."

Kisha akaniona. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, karibu na dirisha langu.

"Bibi, samahani. Hapa dukani haruhusiwi kukaa mtu asiye mfanyakazi wala mteja."

"Mjukuu wangu, mimi nimekaa hapa kabla wewe hujakaa tumboni."

"Naelewa bibi. Ila ni utaratibu."

"Mteja ni nani?"

Akafurahi, maana hilo alikuwa amelisomea. "Mteja ni mtu aliyeleta nguo, akalipa, akapewa risiti."

Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikakilaza juu ya kaunta. "Haya. Nipeni risiti."

Mvuke alilazimika kugeukia ukutani. Cherehani akaingiza jina langu na namba yangu ya simu kwenye kompyuta, akanitazama, na mimi nikamtazama Ncha, na Ncha akamtazama Cherehani. Ikabidi. Binti yangu akafungua mikono, akatawanya vidole, macho yanaiomba ardhi ipasuke.

"Mambo rafiki! Leo utang'aa kama tausi!"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Wewe umeamkaje?"

Ncha akakunja uso. Jibu hilo halikuwamo kwenye mafunzo.

Basi ikawa ndiyo njia yangu ya kuishi. Kila asubuhi napeleka kitambaa, nalipa, napewa risiti, nakaa. Jioni nakichukua kimepigwa pasi, kesho nakirudisha. Kilikuwa na maua mekundu. Kwanza yakawa ya rangi ya waridi, kisha yakabaki tetesi ya maua.

*

Mambo yangekwenda hivyo, watu walikuwa wanakuja, mpaka Ncha alipotaja kwa simu habari ya mteja wa siri. Kwamba kabla ya majaribio kwisha, kampuni itamtuma mtu asiyejulikana, aje kama mteja wa kawaida, aone, asikie, aende akatoe alama. Alama hizo ndizo zitakazoamua.

Sijui ni kwa nini walimwambia. Ukitaka kumnyima mtu usingizi humwambii mwizi yupo; unamwambia huenda yupo.

Kutoka siku hiyo nyumba yetu haikukalika. Cherehani alikula amesimama. Alifuta kaunta iliyofutwa, akapanga hanga zilizopangwa, akawa anaingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtu akiuliza bei, ndiye huyo. Mtu asipouliza bei, basi ndiye hasa. Jamaa mmoja aliingia kuulizia fundi viatu aliye ng'ambo ya barabara, akafunguliwa mikono na kutabiriwa kung'aa, akatoka kinyumenyume. Hata paka akichungulia alisalimiwa.

"Cherehani, huyo paka."

"Najua, mama. Ulimi umeshazoea."

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka siku aliyoingia Mwalimu Mkuu.

Huyu ni mama aliyestaafu zamani, mrefu, miwani ya kamba, kalamu haikosi kwenye mfuko wa blauzi. Ndiye aliyemfundisha Cherehani kuandika, na akamchapa kwa kushika kalamu vibaya. Alikuja na mfuko wa mashuka. Nami nilimwona binti yangu anavyomkadiria: miwani, kalamu, macho yanayozunguka ukutani. Sasa fikiri mwenyewe. Kama wewe ni kampuni, na unataka mtu wa kutoa alama, utamwajiri nani ikiwa siyo mwalimu? Wazo hilo lilimwingia Cherehani kichwani likafukuza mengine yote. Nikaona mikono inaanza kufunguka. Nikakohoa. Haikusaidia.

"Mambo rafiki! Leo utang'aa kama tausi!"

Mashine zote mbili, nakuambia, zilikuwa zimenyamaza kwa wakati huo. Mashine nazo zina umbea.

"Rafiki?" akasema Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, ni..."

"Mimi na wewe tulicheza wapi pamoja?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Hiyo imechelewa kengele." Akauchukua mfuko wake kutoka juu ya kaunta, taratibu. "Haya mashuka nitafua mwenyewe. Nikianza kucheza na wanafunzi wangu uzeeni, nitaumia."

Akatoka. Na Mwalimu Mkuu hatoki peke yake. Ana kikundi chake cha wastaafu, watu wenye mapazia mazito na masuti ya zamani, na kabla wiki haijakatika mapazia hayo yote yakawa yanafuliwa kwingine. Cherehani alikwenda kwake kuomba radhi, akapewa kiti, akapewa chai, akapewa na ushauri, lakini mashuka hayakurudi.

Akaamua kwa kichwa chake mwenyewe: watu wazima watapata shikamoo kwanza, tausi baadaye. Lakini kila alipoamkia mtu mzima alimwangalia hivi, wasiwasi umemjaa, isije ikawa ndiye, na amekwisha kumpunguzia alama. Akikosea huku anapoteza mtaa, akikosea kule anapoteza jina. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila huyu alifungwa miguu yote miwili, tena kwenye miti tofauti.

*

Simu ilinikuta uani naanika. Sauti ya binti, tamu kama imelambishwa asali.

"Naongea na mteja wetu namba moja?"

"Unaongea na mama wa watu. Namba sijui."

Akacheka. Akasema anapiga kutoka makao makuu ya Dobi Tausi. Kwamba kompyuta yao inaonyesha kwamba katika matawi yao yote hakuna mteja anayekuja mara nyingi kama mimi. "Mama, wewe unafua kila siku!"

"Mimi msafi, mwanangu."

"Ndiyo maana tumekuchagua. Tunaomba uwe mteja wetu wa siri kwa tawi lako. Uangalie wanavyohudumia, halafu nitakupigia, nitakuuliza maswali, unanipa alama kutoka moja mpaka kumi. Ila usimwambie mtu. Hata mwenye duka."

Nilibaki na kibanio cha nguo mkononi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mtu tuliyekuwa tunamtafuta kwenye kila sura inayopita, kumbe alikuwa mimi, nimekaa palepale dirishani nakodoa macho na wenzangu.

Nisikudanganye, kitu cha kwanza nilichokiona ni makochi yangu. Niliyaona yanashuka moja kutoka juu ya jingine, yanatoka chumbani, yanarudi mahali pake. Niliona zambarau inapakwa nyeupe. Tatu ya salamu, nne ya usafi, basi, ningelala nikiamka nina sebule. Na Cherehani angekula amekaa.

Jioni nilimkuta anakunja mashati. Mvuke alikuwa ameshakwenda.

"Na wakikufelisha?" nikamwuliza.

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema. Ungelala. Umekonda mpaka sare inakuvaa wewe."

Akaendelea kukunja, kifua juu, kama walivyomwagiza. "Kule hospitali nilifua mashuka nusu ya maisha yangu. Mtu analalia, anapona, au haponi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza shuka hili kafua nani. Jana yule kijana anayeoa kaja kuchukua suti yake. Kaivaa hapahapa. Kajitazama kwenye kioo akasema, 'Dada, umenifanya mtu.' Nilikwenda chooni kulia."

"Ulilia kwa suti ya mtu?"

"Nililia."

"Na huo mkia, na hayo ya rafiki?"

"Siyapendi. Lakini nikilikosa jina lao sina mashine, mama. Nitaanza na karai?"

"Wengi walianza na karai."

"Na wengi walimalizia na karai." Akaweka shati juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja. "Nalitaka hili duka. Sijawahi kutaka kitu hivi. Hata mume sikumtaka hivi, na usimwambie."

Nikaenda kulala na makochi yangu. Sikupata usingizi, na hayo makochi sijui.

Binti wa asali alipopiga, nilikuwa dukani kwenye kiti, na mashine zinanguruma hivi kwamba ningeweza kuimba asisikie mtu.

"Usafi wa duka, mama?"

"Kumi."

"Salamu rasmi ilitolewa?"

"Kumi. Mpaka mikono. Nusura anipige kofi."

"Nguo zako zilirudi katika hali nzuri?"

Nikatazama tetesi za maua pale juu ya kaunta. "Kumi."

"Kuna watu wanaokaa dukani bila shughuli?"

"Hakuna kabisa," nikasema, nikanyoosha miguu. "Kumi."

"Jambo lolote la kuboresha?"

"Viti. Vinaumiza mgongo."

*

Nilidhani nimemaliza. Kumbe kwa watu hawa, mtu akipata kumi kila mahali wanapanda gari kuja kumtazama.

Walifika wakati duka limejaa kiasi. Mbele viatu vya Ncha, kisha Ncha, kisha mama mmoja wa heshima, mkurugenzi wa kampuni mwenyewe, na nyuma yao mpiga picha na kikapu kimefungwa utepe. Cherehani alipoona, akaifuta tena kaunta.

"Hongera sana," akasema Mama Mkurugenzi, anamshika mikono. "Tawi hili limepata alama ambazo hakuna tawi letu limewahi kupata. Na jambo la pili la furaha: mteja namba moja wa kampuni nzima ni wa hapa! Tumekuja kumpa zawadi yake. Hebu mkaguzi, mpigie simu, tumwombe aje."

Ncha akapiga.

Simu yangu naiweka kifuani, na mlio wake aliuchagua mjukuu wangu: jogoo. Jogoo akawika kifuani mwangu, humo dukani, mbele ya watu wote. Nikambana kwa kiganja. Akawika zaidi.

"Bibi wa kitambaa," akasema Ncha, polepole.

Mama Mkurugenzi akanijia mikono wazi, anacheka, na mpiga picha akainua kamera. Ncha alijua kila kitu papo hapo, nilimwona. Na nilimwona pia anameza maneno, maana tawi likisifiwa na mkaguzi wake anasifiwa. Angenyamaza. Mvuke alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Nikamkanyaga Cherehani mguu kwa macho: nyamaza na wewe, mwanangu, picha moja tu na imekwisha.

"Mama Mkurugenzi," akasema Cherehani, "huyu ni mama yangu mzazi."

Kamera ikashuka.

"Na kama ni yeye aliyetoa hizo alama, hazina kazi. Zifuteni."

"Ulijua?" akauliza Mama Mkurugenzi.

"Habari ya alama sikujua. Lakini nilijua analeta kitambaa kila siku, na nilijua kwa nini. Anataka kukaa. Hapa palikuwa sebule yake."

Mama Mkurugenzi akanitazama kwa muda, kisha akatazama ukuta wa zambarau, kama mtu anayejaribu kuweka makochi kichwani. Hakuwa mtu mbaya. Akasema alama zimefutwa. Akasema atakuja mteja mwingine wa siri kabla ya mwisho wa majaribio. Akasema mpaka siku hiyo mimi nisikanyage dukani, hata kwa risiti.

"Na kikapu?" nikauliza.

"Kikapu kinarudi, mama."

Kilikuwa na biskuti za kopo. Niliziona.

Walipoondoka, wateja nao wakaona heri wapite baadaye. Cherehani akazima mashine moja, akaiwasha, akaizima tena.

"Mama, umeniuza."

"Nilikuwa nakununulia."

"Kumi kila mahali! Nani anapata kumi kila mahali? Wewe mwenyewe tangu nizaliwe hujawahi kunipa kumi ya kitu chochote. Wali wangu una maji, mume wangu ana masikio. Leo unakuja kuwapa watu baki kumi zangu zote, kwa simu, kwa siri!"

Nilivaa viatu nikatoka.

*

Ng'ambo ya barabara kuna yule fundi viatu, na ana benchi.

"Bibi, hapa kwangu kukaa ni bure," akasema. "Huhitaji risiti." Habari zilikuwa zimeshavuka barabara kabla yangu.

"Nipe benchi, usinipe maneno."

Siku zikawa hizo. Duka langu, yaani lake, nikawa nalitazama kwa mbele kama mpita njia. Kioo kilinionyesha midomo bila sauti. Mtu akiingia nasimama, akitoka nakaa. Fundi akasema bora anipe mimi kiraka kimoja nikishone, maana namchosha macho. Huyu mwenye mkoba ndiye? Yule aliyeshika simu sikioni haongei, ndiye? Ningekuwa ndani ningekohoa. Sasa nikikohoa huku wananiletea maji.

Siku moja akapita Mwalimu Mkuu. Akasimama, akanitazama kutoka kitambaa hadi viatu.

"Shikamoo, mwalimu." Ananizidi kidogo, au tunakubaliana hivyo.

"Marahaba. Mbona uko nje? Umefukuzwa?"

"Nimesimamishwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kutoa maksi za bure."

"Hilo ni kosa kubwa," akasema, na hakutania. Kisha akaelekeza kidevu upande wa duka. "Nani aliyekushitaki?"

"Binti mwenyewe. Mbele ya mkubwa wao."

"Aliulizwa?"

"Hakuulizwa. Angenyamaza wangempiga picha."

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaenda zake. Lakini keshoye asubuhi nilimwona kwa macho yangu anaingia pale na mfuko. Nilimwona Cherehani nyuma ya kaunta anainama kidogo, mikono imebana ubavuni kama ya askari. Nikasubiri. Mwalimu Mkuu akatoka hana mfuko, na wiki iliyofuata mapazia yakaanza kurudi, moja moja, kama watu waliochelewa ibada.

Mteja wa siri alikuja akaenda, na mpaka leo hatumjui. Matokeo Ncha aliyaleta kwa simu. Usafi tisa. Nguo tisa. Salamu tano, maana, alisema, mteja huyo ni mtu mzima na alipoingia aliamkiwa kwanza, mpaka tausi anafungua mkia mambo yamepoa. Jumla ikapita mstari kwa upenyo wa wembe. Wamefaulu.

Mvuke alivuka barabara mbio kuja kuniambia, na mama yule hakimbii. Cherehani hakuja. Alikuwa na wateja, alisema Mvuke. Labda. Mimi na yeye tangu siku ya jogoo tulikuwa tunapishana ukumbini, naye ananiamkia vizuri kupita kiasi.

Ncha alikuja na mkataba kupitia mlango wa nyuma, maana mbele mimi bado sikuwa nimeruhusiwa na nilikataa kuruhusiwa kwa mdomo bila barua. Tukakaa chumbani kwangu. Yeye nilimpa kochi la chini, lile la juu likawa linamtazama kichwani.

"Bibi, kuna sehemu moja imebaki. Mwenye nyumba anatakiwa kusaini. Kwamba chumba cha mbele kitabaki kuwa tawi la Dobi Tausi kwa miaka mitano, na hatakidai katikati."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Kumbe."

Cherehani alikuwa amesimama mlangoni, bega limeegemea fremu, mkono mmoja umeshika shati la mtu. Hakuingia ndani wala hakutoka.

"Usisaini kwa ajili yangu, mama," akasema.

"Kwa ajili ya nani basi? Ya huyu mwenye viatu?"

Ncha akavivuta viatu chini ya kochi.

"Nasema kweli. Miaka mitano siyo michache. Wewe una..."

"Nina mingapi?"

"Hata mwenyewe hujui."

"Sijui, na sitaki kampuni inikumbushe." Nikamwangalia. Alikuwa amekonda bado, macho mekundu kwa mvuke, na kwenye kidole alikuwa na uzi wa mtu umejizungusha. "Unalitaka bado? Sema hapa, huyu kijana asikie. Safari hii sitoi alama kwa siri."

"Nalitaka," akasema. "Na salamu yao nitaendelea kuikosea. Watanipa tano mpaka wachoke."

"Hilo sijalisikia," akasema Ncha haraka.

"Na mimi nikitaka kukaa?"

"Utakaa huku nyuma, mama. Nitakuja mimi. Kila nikipata nafasi nitakuja nikae na wewe."

"Wewe? Ukae?"

Akafungua mdomo kujibu, na wakati huohuo kengele ya mlango wa mbele ikalia, halafu ikalia tena, mtu mwenye haraka. Nikamwona anagawanyika palepale: nusu yake imebaki kwenye fremu inaningoja mimi, nusu nyingine imeshafika kaunta.

"Nenda," nikamwambia. "Mteja huyo."

"Lakini hujasaini."

"Nenda! Atakwenda kwingine."

Akaondoka mbio na shati la mtu. Ncha akanipa kalamu, ikagoma, akaitikisa, akanipa nyingine. Akanionyesha mstari. Nikaandika jina langu polepole, herufi moja moja zikishikana mikono, kama tulivyofundishwa, huku nasikia kule mbele Cherehani anacheka na mtu.